Mtamba wa Mtoto wa Karatasi

14 Machi

Leo nimepokea mgeni asiyekula. Amefika kwa posta, ndani ya bahasha ya khaki, amekunjwa kiunoni. Ni mtoto wa karatasi, urefu wake ni kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni. Amepakwa rangi ya koti la mvua la njano na viatu vyekundu, na nywele zake ni nyuzi nyeusi zilizobandikwa kwa gundi. Jina lake ni Nziza.

Aliyemkata ni Igihozo, binti wa rafiki yangu Gatesi, mwenye miaka minane. Wanaishi Liège, Ubelgiji. Mwalimu wao ameamua kila mtoto darasani atume msafiri wa karatasi mashambani, nchi yoyote ile. Mwenyeji amtembeze, ampige picha, amwonyeshe watu wanalima nini na wanafuga nini, kisha amrudishe kabla ya maonyesho ya shule mwezi wa Juni. Naona ni njia rahisi ya kusafiri. Hakuna viza wala mzigo.

Gatesi na mimi tulifanya kazi pamoja mapokezi ya hoteli hii ya kando ya ziwa, hapa Rwanda, kabla hajaondoka na mwanaume wake. Ningeandika kabla hajaolewa, ila hilo neno ndilo lililowagombanisha yeye na baba yake. Ameniachia ujumbe wa sauti:

"Dada, mutembeze popote unataka. Nyamyumba, kwa maji ya moto, kwa wavuvi. Ila Bugeshi hapana. Kwa papa usimufikishe."

Nimemjibu sawa, kwa baba yake sifiki. Bugeshi ni baridi, barabara ni mawe, na mimi sina ndugu kule. Kwa ajili ya karatasi sikuwa na mpango wa kupanda mlima.

Nimemsimamisha Nziza kwenye kaunta, kando ya kengele.

15 Machi

Mvua.

18 Machi

Meneja ameuliza yule mtoto anafanya nini kwenye kaunta. Nimemwambia ni mgeni. Ameuliza amelipa? Nikasema bado. Hakucheka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu jembe lingemkata vipande.

23 Machi

Siku yangu ya mapumziko. Vénuste, kijana wa pikipiki anayenipeleka kazini, ametupeleka Nyamyumba. Nziza nilimtia kwenye mfuko wa plastiki, nikamfungia ndani ya koti langu.

Picha zimetoka vizuri. Nziza kando ya maji ya moto, na wanawake walioloweka miguu nyuma yake. Nziza na kitunguu. Nziza ameegemea mtumbwi, na wavuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa hili, wanamwangalia kama karani wa kodi. Wimbi dogo likamrukia, kiatu kimoja kikachuja rangi. Mimi ndiye niliyejilaumu. Yeye aliendelea kutabasamu.

Vénuste aliuliza ni wa nani. Nikamwambia ni wa Gatesi, binti wa mzee Sebahire wa Bugeshi. Nilisahau kwamba Vénuste naye amezaliwa Bugeshi. Mdomo huponza kichwa.

"Kumbe mutoto ya Gatesi amefika Rwanda," akasema, akacheka.

"Amefika," nikasema, nikacheka pia.

26 Machi

Mvua. Wageni wawili wamelalamika kwamba ziwa halionekani. Nimewaambia lipo.

29 Machi

Leo nimeona aibu, na sijui hasa ni aibu ya nani.

Asubuhi mvua ilikuwa inapiga vioo. Mlinzi akaja kuniambia kuna mzee langoni, anasema amekuja kumwona mjukuu wake. Akaingia mzee mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya pama na mabuti yaliyojaa tope jeusi la kule juu. Mkono mmoja ulishika fimbo. Mwingine ulishika chombo cha mti cha maziwa, mfuniko wake wa ususi umefungwa plastiki ili mvua isiingie. Nilimjua kabla hajajitaja. Gatesi ana paji lile lile la uso.

Alinisalimu kwa Kinyarwanda, nikamjibu, akatabasamu. Kinyarwanda changu kimekulia Karagwe, kinawachekesha wengi. Akahamia Kiswahili, kile cha Masisi, ng'ambo ya mpaka, alikochunga ng'ombe kabla ya kurudi nchini.

"Mi ni Sebahire. Banasema mutoto ya Gatesi iko hapa."

"Ni kweli, mzee, lakini..."

"Iko mugonjwa?"

"Hapana, mzee."

"Bon. Basi iko analala. Umuache alale, mi nitangoja."

Akakaa kwenye kochi la wageni na kuweka maziwa katikati ya miguu yake. Nilipaswa kumweleza palepale. Badala yake nilimpokea mteja mmoja wa Kijerumani polepole kuliko mteja yeyote niliyewahi kumpokea, hata akaniuliza kama mashine imeharibika. Kwa miaka yote Gatesi alinisimulia baba mkali, na kwa baba mkali nilikuwa tayari, ningemjibu. Kwa mtu aliyekuja na maziwa sikuwa nimejiandaa.

Nikamchukua Nziza kaunta, nikampelekea. Nikaeleza yote, shule, mkasi, gundi, posta. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akampokea kwa mikono miwili.

"Donc, kumbe ni karatasi."

"Ni karatasi, mzee. Samahani."

"Ni yeye mwenyewe ameikata?"

"Ni yeye, kwa mkono wake."

"Kwa mukono yake," akarudia.

Akamtazama kwa muda. Akafungua chombo, akachovya kidole kwenye maziwa, akakipitisha kwenye mdomo wa Nziza, taratibu, jinsi unavyomlisha mtoto mchanga. Mlinzi alianza kucheka. Nilimwangalia, akaacha.

"Mugeni hanisalimii kwa hoteli," mzee akasema akisimama. "Utamuleta nyumbani."

Hakuuliza kama nitaweza. Aliniachia maziwa, nikayanywa na mlinzi kwenye vikombe vya chai. Yalikuwa matamu, na yaliniuma moyo.

30 Machi

Nimemkabili Vénuste. Anaapa kwamba nyumbani kwao alisema kwa mzaha tu, "nimebeba mutoto ya Gatesi kwa moto," yaani pikipiki. Habari ikapanda mlima, na karatasi ikadondoka njiani.

Doa la maziwa halitoki. Nimejaribu kwa pamba kavu.

2 Aprili

Gatesi ameuliza picha. Nimemtumia za Nyamyumba. Kuhusu baba yake sijasema kitu.

7 Aprili

Wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari imeanza. Mji umetulia. Nziza nimemweka kwenye droo.

16 Aprili

Gatesi anasema mwalimu amependa maji ya moto lakini anauliza mifugo iko wapi, na anataka kuona watu wanalima nini. Nimemwambia nitatafuta ng'ombe. Akasema ng'ombe wako hata Nyamyumba. Nikasema ndiyo.

Mvua imesomba ukingo wa barabara karibu na soko.

20 Aprili

Nimempeleka. Sijisifu wala sijuti. Naandika tu jinsi ilivyokuwa.

Vénuste alitupandisha kukiwa na ukungu. Viazi vimetoa maua meupe kote, na wanaume wenye pampu mgongoni wanapulizia dawa kabla mvua haijaleta ugonjwa wa majani. Volkeno zilikuwa zimefunikwa, kwa hiyo picha ya Nziza na Karisimbi ni picha ya Nziza na wingu.

Mlangoni alitupokea Mukamusoni, dada wa mzee, mjane anayeishi naye. Alikuwa ametandika kitambaa safi kwenye kiti, si kwangu, kwa Nziza. Mimi nilipewa kigoda. Majirani wakaanza kuingia mmoja mmoja kumwona mtoto wa Gatesi. Wengine walizuia kicheko kwa kiganja. Lakini kila mmoja alimsalimu, kwa sababu mzee alikuwa amekaa pembeni yake na fimbo yake, anaangalia nani hasalimu.

Tukala viazi na maharage, tukanywa maziwa. Nikapiga picha za shamba, za jembe, za pampu ya dawa. Kisha nikamwambia mzee kwamba mwalimu anataka mifugo.

"Najua," akasema, akaenda zizini.

Akarudi anamwongoza mtamba mwekundu, mnene, macho makubwa, pembe ndiyo kwanza zinajitokeza. Wanamwita Gaju. Nilifikiri amemleta kwa ajili ya picha. Nikamweka Nziza mgongoni kwa Gaju, nikarudi nyuma na simu yangu. Mzee akagonga fimbo chini.

"Gatesi aliondoka kwangu, na ng'ombe yake ya mahari haikuingia kwa hii lupango," akasema, akionyesha ua wake kwa fimbo. "Bote munajua. Nilisema kama ng'ombe haikuingia, sina mujukuu. Na ile munajua." Akampapasa Gaju shingoni. "Leo ng'ombe inatoka. Gaju ni ya Igihozo."

Nadhani kila mtu alikuwa anajiuliza kama mzee bado ana akili zake. Ng'ombe hutolewa kwa mtu, na mtu yule hujibu. Pale mgongoni kwa Gaju kulikuwa na karatasi yenye koti la njano, inapepea.

Hapo nikasikia sauti inapiga kelele, "Yampaye inka Sebahire!" Amenipa ng'ombe Sebahire! Ilikuwa sauti yangu. Kule Karagwe hatukuwa na ng'ombe hata mmoja, lakini baba yangu alitufundisha kwamba ng'ombe akitolewa husimami kimya, unalitaja jina la aliyetoa mpaka jirani wa mbali asikie. Nilikuwa mtoto, tulicheza mchezo huo kwa mawe. Leo umenitoka kabla sijafikiri. Nikapiga makofi. Majirani nao wakapiga makofi, nadhani kwa kufarijika kwamba mtu amejibu. Mzee alivua kofia, akaivaa tena.

Mukamusoni akanisogelea sikioni.

"Umejibu mahali ya mutoto. Muzuri. Sasa nani atakuja na pombe?"

Nilijua maana yake. Aliyepewa ng'ombe ana deni la shukrani. Lazima arudi siku nyingine na watu wake na pombe, akae mbele ya majirani wale wale, amshukuru mtoaji. Sisi tunaita gukura ubwatsi. Kabla ya siku hiyo zawadi haijakamilika. Na asipokuja mtu, mlima mzima utasema Sebahire amemtupa mtamba kwa karatasi na karatasi haikusema asante.

"Mimi nilijibu tu, mama," nikamwambia. "Sikufikiri."

"Yeye amefikiri," akasema, akimwonyesha kaka yake kwa kidevu.

21 Aprili

Nilianza msimu huu nikimwona Sebahire ni mtu mgumu. Pale hotelini nikamwona mzee wa kuhurumiwa. Jana usiku, nikikausha soksi, nikamwona upya. Mtu huyu hawezi kumwambia binti yake njoo, neno hilo halipiti kooni. Kwa hiyo amemfunga kwa kamba ya ng'ombe. Mjanja kweli.

23 Aprili

Nimemtumia Gatesi picha zote, pamoja na ile ya Gaju, na maelezo. Alipiga simu kabla sijamaliza chai.

"Nilikuambia nini? Bugeshi hapana."

"Uliniambia nisimfikishe. Baba yako ndiye aliyefika hotelini, na maziwa."

"Maziwa ya nini?"

"Ya mtoto. Aliambiwa mtoto wako amekuja."

Nilisikia anavuta kiti.

"Dada, siku Igihozo alizaliwa nilimupigia papa. Unajua alinijibu nini? Ng'ombe haikuingia, donc sina mujukuu. Hakuuliza hata jina. Ile maneno nimeibeba miaka yote, nikinyonyesha, nikifua, nikienda kazi. Sasa anamupa karatasi ng'ombe, na mi nicheke?"

"Maneno hayo ameyasema tena, mbele ya majirani wote. Hakuyakana. Kisha akamtoa Gaju."

"Anataka nini?"

"Naona anataka kuletewa pombe."

Akakata simu.

Nilikuwa upande wa Gatesi tangu mwanzo, na bado niko upande wake. Ila zamani niliona upande wa pili ni ukuta. Sasa naona kuna mtu.

24 Aprili

Mvua. Hajapiga.

28 Aprili

Mvua. Hajapiga.

4 Mei

Vénuste ameleta habari za Bugeshi. Mnunuzi kutoka Goma alimtaka Gaju, na mzee akamjibu kwamba ng'ombe huyo si wake, mwenyewe yuko Ulaya. Kwenye kilabu cha pombe kuna mlevi anayetembea na kipande cha gazeti, anakisalimu, anakiuliza kama kina kiu, na watu wanacheka. Mzee hapiti tena njia ile. Anazunguka kwa nyuma, kwenye matope.

"Na we Vénuste, ulicheka?"

"Kidogo," akasema. Kisha, "Mi ndiyo nilianza hii maneno, dada. Haifurahishi."

9 Mei

Nimemwandikia Gatesi kuhusu mlevi na gazeti. Ameusoma ujumbe. Hajajibu.

Mtoto wa nyoka ni nyoka, na hawa wawili wote ni mlango usiofunguka hata ukibisha. Nimekasirika leo, na nimemjibu vibaya mteja aliyeuliza mvua itaisha lini.

15 Mei

Lazima Nziza arudi, la sivyo atakosa maonyesho. Mgeni haondoki bila kuaga, kwa hiyo nimempandisha tena Bugeshi.

Mzee alikuwa amepungua. Hakuuliza kama Gatesi amesema chochote. Alimpokea Nziza kwa mikono miwili, akampeleka zizini akamuage Gaju. Mukamusoni alimfukiza kidogo kwenye moshi wa jikoni, anasema ili asiumwe na wadudu njiani. Sasa ana kiatu kilichochuja, doa la maziwa na harufu ya kuni. Wapo waliokaa vijijini muda mrefu zaidi na wakarudi na kidogo kuliko hicho.

Kisha mzee akatusindikiza, maana mgeni husindikizwa. Tulishuka kwa miguu kwenye mvua, mzee ameshika mwavuli juu ya karatasi, mimi na Vénuste tunalowa, pikipiki inasukumwa nyuma. Hakupita njia ya nyuma. Alipita mbele ya kilabu, katikati ya barabara, mwavuli juu. Mlevi alitoka na gazeti lake, akafungua mdomo. Mzee akasimama, akamsalimu kwa jina, akamngojea. Mlevi akaangalia chini, akajibu salamu.

Kwenye njia panda mzee alichuma jani moja refu la nyasi, zile anazokatiwa Gaju, akalifuta maji kwenye shati lake.

"Utalitia ndani ya enveloppe pamoja na mutoto."

"Niandike nini, mzee?"

"Usiandike kitu. Gatesi alikuwa anakata majani ya ng'ombe na mi, kule Masisi. Atajua."

Alibaki pale njia panda mpaka tukakata kona. Najua kwa sababu niligeuka nyuma mara nyingi.

17 Mei

Nimeposti bahasha. Yule dada wa posta alinusa, akaniuliza kama kuna chakula ndani. Nikasema hapana.

Kaunta inaonekana tupu. Mlinzi naye amesema.

25 Mei

Mvua kidogo, jioni tu.

1 Juni

Hakuna mvua. Hakuna simu. Vénuste anasema mzee ameanza kupanua njia ya kuingilia kwake kwa jembe. Anasema ni kwa ajili ya gari la viazi. Gari la viazi halijawahi kufika kule.

5 Juni

Jua. Ziwa linaonekana mpaka ng'ambo. Wageni sasa wanalalamikia joto.

9 Juni

Simu ilipigwa nikiwa na foleni kaunta. Namba ya Ubelgiji. Nikaomba radhi kwa mteja aliyekuwa mbele yangu, nikapokea.

Gatesi hakusalimu.

"Dada, papa siku hizi anakunywa pombe gani?"

Nikaweka kalamu chini.

"Hanywi tena," nikamwambia. "Mukamusoni anasema daktari alimkataza."

"Na majirani?"

"Majirani hakuna aliyekatazwa."

"Bon. Basi utanitafutia ya ndizi, ya kutosha mulima wote. Tunafika kwa likizo, mwezi wa saba. Na dada, lile jani... mutoto amelibandika kwa kitabu yake. Ananiuliza kila siku kama Gaju anakula tu au anasikia na Kifaransa."

Nikamsikia nyuma yake Igihozo, sauti nyembamba, anajaribu maneno aliyofundishwa, anakosea, anaanza upya. "Yampaye inka..." Mama yake akamsahihisha. Akarudia, sasa kwa nguvu zote, mpaka nikaitenga simu na sikio, "Yampaye inka Sebahire!"

Mteja alikuwa bado amenyoosha mkono, anangoja ufunguo wake. Nililia mbele yake bila hata kugeuka pembeni. Nikampa ufunguo wa chumba kisicho chake.